Sisi ama Fisi

Karibu mwaka mzima nilikuwa nasikia vizuri zaidi siku ambazo stima zimepotea. Sikumwambia mtu, maana angenicheka. Hapa Manyatta, Kisumu, stima zikipotea mtu hulaani kwanza, kisha huchungulia dirishani kuona kama ni nyumba yake peke yake au ni mtaa mzima. Mimi nilikuwa nalaani kama wengine, halafu navaa hedifoni, nikijua betri ya laptopu ina saa moja na nusu tu, na kwamba katika hiyo saa moja na nusu nitaandika kurasa nyingi kuliko nilizoandika tangu asubuhi. Nilidhani ni feni. Kwa joto letu hili feni huzunguka kutwa, na ikinyamaza nyumba nzima hushusha pumzi. Nikasema basi, feni ndiyo inayoniibia masikio. Nikawa nafanya kazi nimeizima, jasho linanitiririka shingoni, na bado nasikia vibaya.

Kazi yangu ni unukuzi. Watafiti huenda vijijini na kwenye fuo za ziwa, hurekodi mahojiano kwa Kiswahili na Kidholuo, hunitumia faili, nami huandika neno kwa neno, hata vikohozi kama mkataba unadai hivyo. Nalipwa kwa dakika ya sauti, si kwa dakika ya jasho. Sauti ikiwa safi, dakika moja ya mazungumzo hunila dakika 4 hivi za kuandika. Ikiwa chafu hunila 10, na malipo ni yaleyale. Sasa fikiria uchafu wenyewe haumo kwenye rekodi, uko kati ya faili na sikio langu.

Nikivaa hedifoni, hata kabla sijacheza chochote, kulikuwa na shhhh ya chini kwa chini, kama mafuta ya mandazi yanayochemka chumba cha pili. Nikisogeza kipanya au kupandisha ukurasa, mlio mwembamba kama wa mbu ulitembea nao. Ukurasa ukisimama, mbu naye anasimama. Na kila nilipokatiza sauti ili niandike, sekunde chache baadaye ilisikika tak! kwenye sikio la kushoto. Nikianza tena, tak! Mnukuzi hukatiza na kuanza tena mara mamia kwa siku. Ikifika jioni ile tak ilikuwa imehamia ndani ya fuvu.

Dawa niliyojipa ilikuwa kupandisha sauti hadi mama wa kwenye rekodi amshinde mbu. Nililipia usiku. Nyumba ikiwa kimya, watoto wamelala, nasikia wiiiii ambayo haitoki popote. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite saa 40 kwa wiki akisikiliza sauti ya desibeli 80, na ukiongeza desibeli 3 tu saa hizo zinabaki nusu. Mimi nilikuwa navaa hedifoni kuliko ninavyovaa viatu.

Kisha likaja jambo la fisi.

Lilikuwa mahojiano ya mama mmoja mchuuzi wa samaki, kwenye ufuo mmoja wa Siaya, anaeleza siku yake inavyoanza. Nikaandika nilivyosikia: "Boti ikifika asubuhi, wa kwanza ni fisi." Nikaendelea mbele. Siku tatu baadaye mteja akanirudishia faili na maneno mawili mekundu pembeni, bila salamu: "Fisi? Ziwani?" Nilirudia kipande kile labda mara kumi na tano. Kati ya shhhh ya mashine na sauti ya mama, herufi s na f zilikuwa zimepikwa chungu kimoja. Nikajisomea sentensi upya kwa akili ya kawaida. Wachuuzi huamka alfajiri, wanakaa mchangani na beseni zao, boti ikitia nanga wao ndio wa kwanza. Bila shaka alisema "sisi". Nikafuta fisi, nikaweka sisi, nikaomba radhi, na malipo ya kurasa zile yakakatwa.

Nilijua mshtakiwa ni nani: hedifoni.

Hedifoni ya kwanza nilikuwa nimeinunua Oginga Odinga Street kwa shilingi 1,500, na ngozi yake ilikuwa imeanza kubambuka. Wanaoishi Kisumu wanajua: miezi minne ya jasho na mto wa sikio unaanza kuacha magamba meusi kwenye mashavu, mtu anakuuliza kama umetoka kuchoma makaa. Nikaiacha, nikanunua ya pili Kondele kwa mchuuzi wa barabarani, shilingi 800, ina jina la kampuni kubwa lililoongezewa herufi moja. Hiyo ilikuwa na ngoma tupu. Kila mwanamke aliyehojiwa alisikika kama ana mafua. Ya tatu ilikuwa ya Bluetooth, shilingi 2,200, na kusema kweli haikuwa na shhhh hata kidogo. Lakini nikibonyeza kusimamisha, mtu anaendelea kuongea kitambo. Nikibonyeza kuanza, silabi ya kwanza inamezwa. Na nikipokea simu ya mteja kwenye laptopu, kila kitu kinageuka kuwa sauti ya redio ya zamani ndani ya debe. Nikampa kijana wangu, anaipenda mpaka leo. Mwisho nikapeleka laptopu kwa fundi. Akaipiga tochi, akasema, "Madamu, hapa ni jeki imelegea." Akabadilisha tundu, nikatoa 2,000. Nilipofika nyumbani mbu alikuwa amenitangulia.

Ile shhhh ya Bluetooth iliyokosekana ingenifungua macho, lakini nilikuwa nimekasirikia silabi zangu zilizomezwa, sikuiwazia.

Desemba nilikwenda Nakuru kwa binamu yangu, anayekaa Section 58 na anayeshughulika na mitambo ya sauti ya makanisa na harusi. Nilibeba laptopu, kwa sababu tarehe za wateja haziendi likizo. Asubuhi ya pili alinikuta mezani.

"Dada, mbona unakunja uso kama mtu anayemeza kwinini?"

Nikamvalisha hedifoni. Hakusema neno. Alichomoa plagi kwenye laptopu, akaichomeka kwenye simu yangu ya zamani ambayo bado ina tundu, akacheza faili ileile. Kimya. Kisha ndani ya kimya kile, sauti ya mzee mmoja wa Nyakach akisafisha koo. Akanirudishia hedifoni nisikie mwenyewe. "Hii haina makosa," akasema. Akairudisha kwenye laptopu, mbu na shhhh vikarudi. Akachomoa chaja ukutani, mbu akafa palepale. Shhhh ikabaki.

Hapo ndipo nilipokumbuka stima za Manyatta.

Jaribio lile lilichukua dakika mbili na halikuwa na bei. Kabla yake nilikuwa nimetumia shilingi 6,500 kumtibu mgonjwa asiyekuwa mgonjwa. Siku hizi mtu akinilalamikia hedifoni zake, namuuliza kwanza: umezijaribu kwenye kifaa kingine? Wengi hunitazama nilivyomtazama binamu.

Alinieleza mambo mengine jioni, tumekaa nje, baridi ya Nakuru inanipiga magoti. Alitumia mfano wa ufuo wa Dunga kwa kuwa anajua mimi ni mtu wa ziwa. Chukua kijiti chenye alama, akasema, kisimike majini, halafu andika kimo cha maji wimbi linavyopita. Ukiandika mara mojamoja hutajua wimbi lilikuwaje. Ukiandika haraka vya kutosha, mtu aliye Nakuru anaweza kuchukua daftari lako na kulichora wimbi lenyewe, lilelile. Haraka ya kutosha ni zaidi ya mara mbili ya mtikisiko wa kasi kabisa unaotaka kuunasa. Mhandisi Harry Nyquist aliliandikia jambo hili mwaka 1928 akiwaza habari za telegrafu, na mwanahisabati Claude Shannon akalithibitisha kwa hesabu mwaka 1949. Sikio la kijana husikia hadi mitikisiko 20,000 kwa sekunde, kwa hiyo Sony na Philips walipotoa CD mwaka 1982 waliipa vipimo 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo kinachagua kimo kimoja kati ya 65,536. Daftari hilo ndilo faili.

"Na namba haisikii mbu," akasema. "Saba ikipita karibu na prosesa, ubongo wa kompyuta, inabaki saba. Shida inaanza pale namba inapogeuzwa kuwa wimbi tena."

Chombo kinachofanya kazi hiyo ni kigeuzi. Wenyewe wa mitambo hukiita daki, kutokana na herufi zake za Kiingereza, DAC. Kila laptopu na kila simu inacho, la sivyo isingetoa hata mlio. Cha laptopu yangu ni kidude kilichobanwa kwenye ubao mmoja na prosesa, redio ya intaneti na mabomba ya umeme wa chaja, na wimbi kinalolitoa ni dogo sana, la volti moja au chini yake. Prosesa ikishtuka kuchora ukurasa unaopanda, umeme unatikisika ubaoni, mtikisiko unaingia kwenye wimbi, nawe unausikia. Ni kama kuweka kwaya iimbe mlangoni pa kinu cha posho. Kwaya inaweza kuwa nzuri ajabu, lakini utasikia kinu. Na ile tak? Sauti ikikatika, laptopu inakilaza kile kidude usingizi ili iokoe betri. Kikilala kinagonga, kikiamka kinagonga. Watu wengi hawatagundua kamwe, kwa sababu wao wakianzisha muziki wanauacha ucheze.

Basi tiba ni kuzitoa namba nje kupitia USB zikiwa bado namba, zigeuzwe huko mbali na kinu. Kifaa chenyewe kinaweza kuwa kikubwa kama tofali la sabuni, na kinaweza kuwa kidogo hadi ukidhani ni waya tu wenye vichwa viwili. Hata ile adapta nyeupe ya Apple ya USB-C, ambayo kwao Marekani huuzwa dola 9, ina kigeuzi kamili ndani ya kile kichwa chake. Sikuamini mpaka aliponionyesha. Akaniambia pia nisitegemee miujiza, maana kifaa cha USB bado kinanyonya umeme wa laptopu ileile. Kilichotengenezwa vizuri huuchuja, kilichotengenezwa ovyo hukuletea mbu kwa njia ndefu.

Lakini kabla sijanunua chochote aliomba dakika tano na mipangilio ya sauti ya laptopu. Nilikuwa nimeinunua imeshatumika, na mtengenezaji wake alikuwa ameweka programu ya "kuboresha" sauti: kuna sehemu ya kuongeza besi, sehemu ya kufanya chumba kisikike kama ukumbi wa sinema, sehemu ya kunyanyua sauti ndogo ziwe sawa na kubwa. Vyote vilikuwa vimewashwa. Kwa mtu wa filamu labda ni vitamu. Kwa mnukuzi, ile ya kunyanyua sauti ndogo ni sumu, kwa maana kila mzungumzaji akinyamaza inanyanyua kuku, upepo na pikipiki za barabarani. Binamu akazima kila kitu. Sauti zikakauka, watu wakasogea karibu. Nusu ya ugonjwa ikapona bila senti, na nakiri niliudhika kidogo. Mtu akishatoa 6,500 hapendi kuponywa bure.

Nilirudi Kisumu nikiwa na moto. Kesho yake tu niliingia mjini, nikakuta adapta ya USB-C yenye tundu la hedifoni kwa shilingi 250. Muuzaji akaichomeka kwenye simu yake, muziki wa Ohangla ukalia, nikalipa nikijiona mjanja. Nyumbani nikaichomeka kwenye laptopu kwa kiunganishi cha kuazima, maana laptopu yangu ni ya zamani, ina matundu ya USB yale mapana tu. Kimya, na safari hii kimya kibaya, kile cha kitu kisichofanya kazi. Nikampigia binamu. Alicheka hadi nikakata simu, kisha akanipigia yeye.

"Dada, umenunua waya."

Kumbe ziko simu zinazogeuza sauti humohumo ndani na kuitoa kupitia USB-C ikiwa tayari ni wimbi, na adapta za bei ile ni nyuzi tupu za kuipitisha. Laptopu yangu haifanyi hivyo, inatoa namba, na nyuzi hazijui kusoma namba. Dalili ya kigeuzi cha kweli ni kwamba ukikichomeka, jina jipya linatokea kwenye orodha ya vifaa vya sauti vya kompyuta. Jina lisipotokea, hujanunua kigeuzi. Mara ya pili nilikwenda dukani na laptopu begani, nikamwambia muuzaji nitalipa nikiliona jina. Hakufurahi, ila jina lilitokea. Shilingi 1,800. Nikaongeza 200 za kiunganishi changu mwenyewe, nacho pia nikakijaribu palepale kwa sababu viko vinavyopitisha umeme wa kuchaji peke yake.

Usiku ule sikufanya kazi ya mtu. Nilikuwa na rekodi ya mzee wa kwetu akipiga nyatiti matangani, niliyoichukua mwenyewe kwa kinasa sauti kilichowekwa mbele ya kigoda chake. Nyatiti ina nyuzi nane, lakini mpigaji ana vyombo vitatu kwa mpigo: mikono iko kwenye nyuzi, kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, oduong'o, anayogongea ubao wa ala yenyewe, na mguuni amefunga njuga za gara. Miaka yote kwenye laptopu hii nilikuwa nasikia nyuzi na kugongagonga. Gara zilikuwa zimezama kwenye shhhh kwa sababu sauti zao ni za juu na kavu, jirani kabisa na kelele ile. Sasa zikatoka. Nikasikia hata pale mzee anapochoka, pete inachelewa kidogo nyuma ya nyuzi, halafu mtu anamwaga kitu kwenye kikombe, halafu pete inawahi tena. Nililia kidogo. Mzee huyo hayupo tena.

Asubuhi nikarudi kwenye kazi ya kuniletea mkate. Kelele ya mbu haikuwepo, chaja ikiwa imechomekwa au imechomolewa. Tak haikuwepo. Kiwango cha sauti nilichokuwa naweka 80 kikashuka hadi 45 bila mimi kukusudia. Nilitambua mchana nilipotupia jicho pembeni mwa skrini. Ile wiiiii ya usiku imepungua, haijaisha. Kazi ya dakika 60 za sauti niliyokuwa naimaliza kwa siku mbili nikawa naimaliza kwa siku moja na asubuhi. Sitadai kila dakika iliyookolewa ni ya kile kifaa. Sehemu yake ni kuzima ule "uboreshaji", sehemu ni kwamba sikuwa nakereka tena, na mtu asiyekereka haamki kila baada ya nusu saa kwenda kuangalia kama sufuria imechemka.

Kitu kimoja kilinishinda. Nilirudi kwenye faili ya mama wa Siaya nikitarajia kusikia "sisi" iliyonyooka kama msumari. Sikusikia. Ukimya ulikuwa safi nyuma yake, pumzi ya mtafiti ilisikika, lakini neno lenyewe lilibaki vilevile, silabi yenye ukungu mwanzoni. Nikafungua maelezo ya faili: vipimo 8,000 kwa sekunde. Mahojiano yale yalifanywa kwa simu. Kwa hesabu ya Nyquist, faili ya vipimo 8,000 haiwezi kubeba mtikisiko uliozidi 4,000, na herufi s nguvu yake kubwa iko juu ya hapo. Ndiyo maana mtu akikutajia jina kwa simu hulazimika kusema "S ya Simba, F ya Fatuma". Kile kilichoitofautisha s na f hakikuingia kwenye daftari siku ile, na hakuna kigeuzi, cha shilingi 1,800 wala cha laki moja, kinachoweza kusoma kimo ambacho hakikuandikwa.

Nilikuwa nimeanza kuwaza hicho cha laki moja, nisikufiche. Ukishapata dawa iliyofanya kazi unaanza kuwaza dozi kubwa zaidi. Matangazo yanataja vipimo 384,000 kwa sekunde, nami namba zikiwa kubwa hunitia tamaa. Pasaka binamu alikuja Kisumu na kigeuzi chake cha shilingi 14,000 chenye kitasa kizito cha sauti, na nilipokisikia niliapa ni kizuri zaidi. Akasema, ngoja. Akacheza mlio mmoja usiokatika, akachukua mita ya umeme, akapima kinachotoka kwenye vifaa vyote viwili na kuvisawazisha, maana kinachosikika kwa nguvu kidogo zaidi sikio hukiita kizuri. Kisha akanigeuza niangalie ukuta, shemeji yake akawa anabadilisha plagi nyuma yangu au anajifanya kubadilisha. Mara 20. Nilipatia 11. Sarafu ingenipa 10.

Binamu hakushangaa. Kile chake kikubwa anakihitaji kwa sababu hedifoni zake za kazini ni za omu 300 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), zinadai volti nyingi kuliko kichwa kidogo cha adapta kinavyoweza kutoa. Zangu ni za omu 32. Angenipa kile kikubwa bure ningekipokea, lakini nisingesikia fisi zaidi.

Nilipomwazima shemeji kifaa changu kwa ajili ya amplifaya yake siku ya sherehe, ilikuwa aibu tupu. Alikichomeka kwenye laptopu, laptopu ukutani, amplifaya ukutani, na spika zikatoa vuuuuu nzito hadi mbwa akatoka nje. Ule ni mvumo wa umeme wenyewe, mitikisiko 50 kwa sekunde, unaozunguka kati ya mashine mbili zilizounganishwa kwa waya wa sauti na tena kwa waya wa ardhini. Kigeuzi cha USB hakiukati mzunguko huo. Nilichomoa chaja, vuuuuu ikaisha, sherehe ikaendelea kwa betri. Kwangu mwenyewe soketi nazo hazina waya wa ardhini. Ukigusa chuma cha laptopu inapochaji, vidole vinatekenywa. Hilo nimemwambia mwenye nyumba. Bado nangoja.

Mwezi uliopita yule mtafiti aliyemhoji mama wa Siaya alipita Kisumu, tukakaa Dunga kula ngege na ugali. Nilikuwa sijawahi kumwona, tunajuana kwa faili tu. Nikamsimulia habari ya fisi ili acheke. Hakucheka. Aliweka tonge chini.

"Dada, mbona mlibadilisha?"

"Kwani alisema nini?"

"Alisema fisi. Ndivyo wanavyowaita madalali pale ufuoni. Boti ikifika wao wanaingia majini hadi kiunoni, wanachagua mbuta wote wakubwa, kina mama wanabaki na makombo. Mahojiano yote yalikuwa yanahusu hilo."

Nilifika nyumbani jua linazama, stima zipo, feni inazunguka. Nikafungua faili, nikaenda dakika ya 23, sikuhitaji hata kuvaa hedifoni. Nikafuta "sisi", nikaandika "fisi", nikamtumia mteja. Bila salamu.